Nani Anaweza Kukataa?

Mhadhara kuhusu dini na serikali, uliotolewa Voi



Nimeombwa nizungumzie mjadala wa kutenganisha dini na serikali. Nilikubali kwa sharti moja, nisije nikazungumza kana kwamba tuko Paris au Washington. Wafaransa walipitisha sheria yao mwaka 1905, wakaacha kuyalipia makanisa kwa hazina ya umma. Wamarekani wana ule ukuta ambao Thomas Jefferson aliutaja mwaka 1802 katika barua yake kwa Wabatisti wa Danbury. Waingereza, waliotutawala sisi, hawakutenganisha kitu: mfalme wao ndiye mkuu wa Kanisa la Uingereza, na maaskofu 26 wana viti katika Baraza la Malodi. Ajabu yake ni kwamba katika mijadala yetu ya redioni tunajibizana kwa maneno ya Jefferson huku tumekaa katika nyumba aliyoijenga Mwingereza.

Tena hapa kwetu Taita Taveta kanisa ni kongwe kuliko serikali. J. A. Wray wa Church Missionary Society (CMS) alifika Sagalla mwaka 1883. Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati yake ya kifalme miaka mitano baadaye, na himaya ya Uingereza ikatangazwa mwaka 1895. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bura mwaka 1892. Kule Taveta, kituo cha mmisionari A. R. Steggall kilikuwa na mtambo wake wa kuchapa, na jarida la Taveta Chronicle likaanza kutoka mwaka 1895. Reli ilifika Voi mwishoni mwa miaka ya 1890, watoto wa milimani wakiwa wameshaanza kusoma a-be-che-de kwa wamisionari. Aliyetaka elimu alipita kanisani, aliyetaka dawa hali kadhalika. Serikali ilipokuja ilizikuta shule, ikaziwekea wakaguzi na ruzuku. Kwa hiyo mtu akisema "kanisa liondoke shuleni", Mtaita mzee atamuuliza: nani alimkaribisha nani?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema katika Kifungu cha 8 kwamba hakutakuwa na dini ya serikali. Ni sentensi fupi mno, na wengi huitafsiri kuwa serikali na dini zisigusane. Haisemi hivyo. Utangulizi wa Katiba hiyohiyo unautambua ukuu wa Mwenyezi Mungu. Wimbo wetu wa taifa ni dua. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, kasisi, imamu na kuhani wa Kihindu wanafungisha ndoa zinazotambuliwa na serikali. Jeshi lina makasisi wake, magereza yana wake. Krismasi tunapumzika sote, na Idd-ul-Fitr pia. Anayesema Kenya imetenganisha dini na serikali hajawahi kuhudhuria hata baraza la chifu.

Kifungu ninachokitegemea zaidi ni cha 32, sehemu ya nne: mtu asishurutishwe kutenda, wala kushiriki katika tendo, linalopingana na imani yake. Kutoka hapo nimejitengenezea swali moja, ambalo naona linafaa kuliko hoja zote za ukuta. Dini na serikali zinapokutana mahali, mtazame aliye mdogo kuliko wote hapo, halafu uliza: huyu anaweza kukataa bila kuumizwa?

Tuanzie hapa jirani. Ukitoka Voi kwa barabara ya Nairobi, unafika Manyani. Leo ni gereza. Kuanzia 1954 ilikuwa kambi kubwa ya mahabusu wa Mau Mau, maelfu kwa maelfu waliobebwa na gari la moshi baada ya msako wa Nairobi wa Aprili mwaka huo. Homa ya matumbo iliingia kambini mwaka huohuo ikaua wengi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango ilioupa jina zuri la kurekebisha watu. Mahabusu alitakiwa akiri kiapo chake, na mahubiri ya Kikristo yalikuwa sehemu ya mpango huo, kwa wahubiri walioletwa kwa ushirikiano na makanisa. Nawaombeni mlitafakari hilo kidogo. Mtu amefungwa bila kesi. Kutoka kwake kunategemea wanaomshikilia watakavyomwona amebadilika. Halafu anaambiwa kuna ibada. Je, huyo anasali au anatafuta kutoka?

Kanisa lenyewe halikuwa kitu kimoja wakati huo, na haki lazima itendeke. Mapema mwaka 1953, T. F. C. Bewes wa CMS alikuja Kenya, akasikia habari za mateso, akazipeleka kwa Gavana Baring. Kwa hiyo wapo waliosema. Lakini wakati serikali inalilipia kanisa nauli na kulifungulia lango la kambi, sauti hupungua. Mimi siijui hoja nzito kuliko hiyo ya kwa nini muumini mwenyewe, si mpagani, ndiye anayepaswa kutaka serikali ikae mbali kidogo na madhabahu.

Sasa Mahakama za Kadhi. Wengi mnakumbuka kura ya maamuzi kuhusu Katiba ya tarehe 4 Agosti 2010, kijani ikiwa Ndiyo na nyekundu ikiwa Hapana. Makanisa makubwa mengi yalikuwa upande wa nyekundu, kwa kifungu cha uavyaji mimba na kwa Kadhi. Miezi michache kabla ya hapo, Mei 2010, majaji watatu wa Mahakama Kuu walikuwa wameamua, katika kesi iliyofunguliwa na viongozi wa makanisa mwaka 2004, kwamba kumweka Kadhi ndani ya Katiba ya zamani kulikwenda kinyume na msingi wa kutokuwa na dini ya serikali. Wananchi waliamua vinginevyo: zaidi ya asilimia 68 walisema Ndiyo, na Kadhi yumo katika Kifungu cha 170.

Watetezi wa Kadhi kwa kawaida hutoa hoja ya historia: mkataba wa 1895 na Sultani wa Zanzibar, ukanda wa maili kumi, na mapatano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte. Hoja hiyo inafaa Mombasa na Lamu. Voi haikuwamo kamwe katika ukanda huo. Kadhi anayeketi Voi leo hawezi kuelezwa kwa Sultani. Yupo kwa sababu Waislamu wapo, nao ni raia, na wanazika, wanaoa na wanarithi kama wengine.

Je, anafaulu swali langu? Kwenye karatasi, ndiyo. Katiba inampa kesi za hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kusikizwa naye. Mkristo hawezi kuburutwa huko. Mwislamu asiyetaka naye ana mlango wa mahakama nyingine. Ila tusijifanye hatuyajui ya nyumbani. Mjane aliyefiwa juzi, shemeji zake wamejaa sebuleni, wanamwambia shauri liende kwa Kadhi, na Kifungu cha 24 kimelegeza masharti ya usawa mbele ya mahakama hiyo. Kukubali kwake ni kukubali kweli? Wapo wanaoichagua mahakama hiyo kwa moyo mweupe kwa sababu ndiyo sheria ya imani yao, na hao waheshimiwe. Ninachotaka ni karani amuulize mjane peke yake, shemeji wakiwa nje, kabla hajatia sahihi. Hilo halihitaji kubadilisha Katiba.

Shuleni ndiko ninakotaka kukaa zaidi, maana ndiko mdogo kuliko wote anakopatikana kwa mamia. Sheria ya Elimu ya 1968 iliziweka shule za misheni mikononi mwa serikali, makanisa yakabaki kuwa wafadhili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikawaachia wafadhili viti katika bodi za shule na ushauri wa kiroho, kwa sharti la kulinda imani za wengine. Tembea kutoka Mwatate hadi Wundanyi usome vibao vya shule: huku Anglikana, kule Katoliki. Mishahara ya walimu inatoka serikalini, na mtihani ni wa serikali. Na jambo linalosahaulika: mwanafunzi anayeingia sekondari anapangiwa shule na Wizara. Msichana Mwislamu wa Voi anaweza kujikuta kwenye shule ya kanisa milimani bila yeye wala mamake kuichagua.

Haya, Jumatatu asubuhi. Baridi ya Taita mnaijua, ukungu haujapanda, watoto wamejipanga kwa madarasa na sweta zao. Bendera inapandishwa. Mwalimu wa zamu anamwita kiranja aongoze sala, na sala inafungwa kwa jina la Yesu. Wote wanaitika Amina. Msichana wetu afanye nini? Akinyamaza hakuna atakayempiga. Lakini anajua kwamba mwalimu wa zamu anaangalia midomo, na mwalimu huyohuyo ndiye atakayemwandikia ripoti. Jumapili kuna ibada bwalini, na jina linaitwa. Hijabu yake imeruhusiwa muhula huu kwa sababu mwalimu mkuu ni mwungwana. Akihamishwa na TSC, tume inayoajiri walimu, je?

Nimeulizwa mara nyingi: si aende shule nyingine? Hapana. Shule inayolipwa kwa kodi ya babake ni shule yake. Mahakama zetu zimelizunguka suala hili bila kulimaliza. Kesi ya Isiolo mnaikumbuka, shule ya Mtakatifu Paulo Kiwanjani, mfadhili akiwa Kanisa la Methodisti. Mahakama ya Rufani mwaka 2016 iliwaruhusu wasichana kuvaa hijabu. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaiondoa hukumu hiyo kwa sababu ya utaratibu wa namna madai yalivyowasilishwa, na kiini cha jambo kikabaki kinaning'inia. Kwa Waadventista wa Sabato waliolazimishwa masomo ya Jumamosi, Mahakama ya Rufani iliwaunga mkono mwaka 2017. Kwa hiyo mwalimu mkuu wa Taita leo akitaka kujua afanye nini, anaachiwa busara yake. Busara ni nzuri, lakini mtoto hastahili kutegemea tabia ya mtu mmoja.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa shule ya kanisa, na sitaki makanisa yafukuzwe. Waliojenga kwa mawe yaliyobebwa kichwani na mama zetu wana haki ya kubaki, na kasisi wa shule huokoa watoto wengi ambao mshauri wa Wizara hawaoni. Nataka bodi iandike, kwa maneno ya kueleweka, mambo ambayo mwanafunzi anaweza kukataa bila kuulizwa kwa nini: kuongoza sala, kuitika, kwenda ibadani. Na mzazi apewe karatasi hiyo siku ya kumpeleka mtoto, pamoja na ile orodha ndefu ya ndoo, godoro na karatasi za chooni.

Nije kwenye fedha. Hapa najua nitawaudhi baadhi ya wenyeji wangu.

Nilihudhuria harambee ya paa katika kanisa moja huku milimani. Mahema mawili, viti vya plastiki, kwaya imeshona sare mpya. Mahubiri yalipangiwa nusu saa, yakakatizwa dakika ya kumi kwa sababu king'ora kilisikika barabarani. Mheshimiwa aliingia, kwaya ikasimama, mhubiri akashuka. Mshereheshaji akazisoma bahasha moja baada ya nyingine: ya mheshimiwa mwenyewe, ya rafiki zake ambao hakuna aliyewaona, ya ofisi fulani, kila moja ikifuatiwa na vigelegele. Kisha mama mmoja mzee akaleta kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya mkonge. Kuku alinadiwa kwa kejeli kidogo, akanunuliwa, na mheshimiwa akapewa kipaza sauti kwa dakika arobaini. Mchungaji alikaa nyuma yake akiangalia viatu vyake.

Nani angekataa pale? Mchungaji ana paa linalovuja. Waumini wamepigwa jua. Mlipa kodi, ambaye huenda ni Mwislamu wa Taveta au mtu asiye na dini kabisa, hayupo, na hakuna anayejua kama bahasha ya "ofisi fulani" imetoka mfukoni mwake. Mwenye uhuru pale ni mmoja tu, naye ndiye mwenye kipaza sauti.

Viongozi wa dini wameliona. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana aliwapiga wanasiasa marufuku kuhutubia madhabahuni. Vijana walipoingia barabarani Juni 2024 walilaumu makanisa kwa bahasha hizo waziwazi, na Julai 2024 Rais William Ruto akatangaza kwamba maafisa wa serikali hawatashiriki tena harambee. Novemba mwaka huohuo yeye mwenyewe alitoa mamilioni katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema fedha hizo zirudishwe. Jambo hilo lilinifurahisha kuliko hotuba kumi za Bunge, kwa kuwa kwa mara moja aliyepewa alikataa, mbingu haikuanguka, na siku za ibada zikaendelea.

Julai 2025 likaja la kanisa ndani ya Ikulu. Rais alithibitisha kwamba analijenga, akasema ni kwa pesa zake. Tuseme ni zake. Ardhi si yake. Rais ajaye anaweza kuwa Mwislamu, Mhindu au mtu asiyesali kabisa, na likikamilika atalikuta limesimama uani. Yeye hakuulizwa, na sisi hatukuulizwa. Sihitaji kusema zaidi.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba serikali inapaswa tu kurudi nyuma. Shakahola inanikataza kumalizia hapo. Kilifi ni jirani yetu. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa huko katika msitu wa Shakahola, na miili iliyopatikana ilipita 400. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa mwaka 2024 kwa mauaji ya watoto 191. Mackenzie hakuwa mtu asiyejulikana, alikuwa ameshakamatwa na kufikishwa mahakamani miaka ya nyuma. Waumini wake watu wazima walipofunga hadi kufa, unaweza kubishana kuhusu uhuru wao. Mtoto wa miaka mitatu alikataa vipi? Alilia, na kulia hakukumsaidia.

Makanisa yetu yameandikishwa chini ya Sheria ya Vyama, sheria ileile inayosajili vyama vya kuzikana. Mwanzoni mwa 2016 Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alileta kanuni za kuwataka viongozi wa dini waonyeshe vyeti na rekodi zao, wachungaji wakapiga kelele, Rais Uhuru Kenyatta akaziondoa. Baada ya Shakahola jopo lililoongozwa na Mutava Musyimi, ambaye mwenyewe ni mchungaji, lilipendekeza sheria mpya ya mashirika ya dini. Kelele zimerudi. Zipo zenye haki: serikali haina ujuzi wa kupima nani ameitwa na Mungu, na cheti cha theolojia hakizuii wazimu. Tulishaona serikali ikijaribu kuchunguza imani, pale Rais Moi alipounda tume kuhusu ibada ya shetani mwaka 1994, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ilivuna zaidi hofu kuliko ushahidi. Lakini kuna jambo ambalo serikali inaweza kulipima bila kufungua Biblia: mtoto yupo shule? Amechanjwa? Amekula? Hesabu za sadaka zimekaguliwa? Hapo iingie bila kubisha hodi, hata nyumba ya Mungu.

Na sasa wazee wetu wa fighi, walinzi wa misitu mitakatifu. Nimewaacha mwisho kama wanavyoachwa katika kila ratiba ya serikali, ambapo pasta anafungua kwa sala, imamu anafuata, na mzee anaitwa wakati wa ngoma. Kabla ya Wray na kabla ya Bura, milima hii ilikuwa na dini. Ilikuwa na misitu ya fighi iliyolinda kijiji, isiyokatwa mti. Ilikuwa na mapango ambamo mafuvu ya mababu yalipangwa mstari kwa mstari, na bado yapo. Ilikuwa na kutasa: mzee anatia pombe ya miwa kinywani, anaipuliza, anatamka maneno ya kutoa hasira moyoni ili mtoto aliyeugua apone au ndugu wapatane. Wamisionari waliita ushetani. Serikali ikaongeza Sheria ya Uchawi ya 1925, ambayo ingali vitabuni, na mzee mwenye kibuyu akawa mshukiwa kabla hajafungua mdomo.

Tunapobishana kuhusu dini na serikali huwa tunahesabu dini mbili. Katiba imehesabu vizuri kuliko sisi: Kifungu cha 63 kinataja maeneo matakatifu ya jamii kuwa miongoni mwa ardhi ya jamii. Msitu wa fighi una haki hiyohiyo ya kulindwa ambayo kiwanja cha kanisa kinayo. Hata hivyo mara ngapi mmeona kiwanja cha kanisa kikiwa na hati miliki, na fighi jirani yake ikigawanywa kama shamba lisilo na mwenyewe? Wazee hao hawana mshahara wa kasisi wala msemaji Nairobi. Kwa kipimo changu, wao ndio wadogo kuliko wote katika mjadala huu, na hakuna aliyewauliza kama wanakataa.

Ombi langu ni la kawaida. Mswada wa mashirika ya dini utakapoletwa kaunti hii kwa maoni ya wananchi, msiwaachie wachungaji peke yao ukumbi. Bodi za shule zije na maandishi yao. Wajane waje. Wazee wa fighi waje na ramani za misitu yao, zilizochorwa na kutiwa sahihi, wazikabidhi kwa karani na wadai stakabadhi.